Mtu wa Kaunta wa City Lights

Watu wakianza kuongelea City Lights, lile duka la vitabu la San Francisco, wanaanza na Lawrence Ferlinghetti na wanamalizia na Lawrence Ferlinghetti, na wala siwalaumu, mzee wa watu kaishi miaka 101, kaandika mashairi, kachora, kachapisha wenzake, kapelekwa mahakamani na kashinda. Ila mimi nimekaa kaunta ya duka la vitabu miaka minne ya ujana wangu, na kila nikisoma habari za City Lights macho yangu yanamtafuta mtu mwingine kabisa, yule aliyekuwa anakaa karibu na mlango anapokea hela. Anaitwa Shigeyoshi Murao, wenyewe walimwita Shig. Leo nataka nisimulie historia ya duka lile kuanzia pale alipokaa yeye.

Kwanza duka lenyewe lilivyoanza. Mwaka 1953 kulikuwa na jamaa anaitwa Peter Martin, alikuwa anafundisha sosholojia pale San Francisco State na pembeni anatoa jarida dogo linaitwa City Lights, jina kalichukua kwenye filamu ya Charlie Chaplin ya 1931. Jarida lilikuwa halina hela, yaani kama majarida yote ya namna ile, kwa hiyo akaona bora pale chini ya ofisi afungue kaduka ka vitabu kasaidie kulipa pango. Baba yake Martin alikuwa Carlo Tresca, anarkisti wa Kiitaliano (yaani mtu anayepinga utawala wa dola) aliyeuawa kwa risasi New York mwaka 1943, kwa hiyo siasa huyu alizaliwa nazo nyumbani. Siku moja anahangaika kutundika kibao kwenye kona ya Columbus Avenue na Broadway, mtaa wa North Beach, Ferlinghetti akawa anapita anatoka studio yake ya uchoraji, akasimama kuuliza hiki ni nini, wakaongea, kila mmoja akatoa dola 500 na biashara ikaanza hivyo hivyo. Mwezi wa sita mwaka huo huo duka likafunguliwa.

Jengo lilijengwa 1907, mwaka mmoja baada ya lile tetemeko na moto uliomaliza sehemu kubwa ya San Francisco, na limekaa kama pembetatu maana Columbus Avenue inakatiza mitaa mingine kwa mshazari. Mwanzo walikuwa na kachumba tu pale kwenye kona. Huko chini kwenye besimenti, ambako baadaye waliongeza shelfu, waliwahi kukutana watu wa kikundi fulani cha dini, na maneno waliyoyapaka ukutani yakaachwa, moja linasema "Mimi ndimi mlango", lingine linakukumbusha mke wa Lutu. Nayapenda sana yale maandishi. Mtu mwingine angeita fundi apige rangi siku ya kwanza, wao wakaona ukuta una maneno na hili ni duka la maneno, wakaweka vitabu pembeni yake.

Sasa kitu kilicholifanya duka lile liwe la pekee, na hapa nitakaa kidogo maana siku hizi hatukioni tena, ni kwamba liliuza vitabu vya kava laini tu. Leo utasema so what, karibu kila kitabu kina kava laini. Lakini Marekani ya wakati ule kitabu chenye heshima kilikuwa cha kava gumu, kinauzwa kwenye duka la vitabu na wauzaji waliovaa tai, bei yake mfanyakazi wa kawaida anaifikiria mara mbili. Vya kava laini vilikuwepo, Penguin walianza Uingereza 1935, Pocket Books wakaanza Marekani 1939 kwa senti 25, ila vilikuwa vinauzwa kwenye maduka ya dawa, vibanda vya magazeti, stendi za basi, vimechorwa wanawake na bastola kwenye kava, na maduka ya vitabu yenyewe yalikuwa hayataki hata kuvigusa. Huku nako mambo yakaanza kubadilika, 1953 hiyo hiyo kampuni ya Doubleday ikaanza kutoa Anchor Books, vitabu vizito vya fasihi na fikra kwa kava laini, kwa hiyo akina Martin wakaingia pale pale mlango ulipofunguka. Likawa duka la kwanza Marekani kuuza kava laini peke yake. Mtu mwenye mshahara mdogo anaingia anatoka na falsafa mfukoni.

Na waliingia kweli. Ferlinghetti alikuwa anasimulia kwamba mlango ukishafunguliwa ilikuwa kazi kuufunga, na kwamba wazoa taka wa Kiitaliano wa mtaa ule walikuwa wanaruka kutoka kwenye gari la taka wanakuja kununua magazeti ya kianarkisti ya Kiitaliano kisha wanaendelea na kazi. Hebu fikiria ile picha, gari la taka limesimama nje ya duka la vitabu linasubiri watu wanunue gazeti. Kwangu mimi hiyo inatosha kueleza duka lile lilikuwa la nani. Miaka na miaka lilifungwa saa sita usiku, siku saba za wiki, ili hata anayetoka kazini usiku apate kupita.

Martin hakukaa. 1955 alimuuzia Ferlinghetti nusu yake kwa dola 1,000 akaondoka kwenda New York, huko nako akafungua duka la vitabu. Ila aliyefungua mlango kila siku, aliyejua kitabu kipi kiko wapi na nani anadaiwa, hakuwa Martin wala Ferlinghetti.

Shig Murao alizaliwa Seattle mwaka 1926, wazazi wake Wajapani. Februari 1942, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, Rais Roosevelt alisaini ile amri iliyowang'oa watu wenye asili ya Kijapani, kama 120,000 hivi, wengi wao raia waliozaliwa pale pale Marekani, wakapelekwa kambini. Familia ya Murao ilipelekwa Minidoka, Idaho, jangwani, kijana ana miaka kumi na tano kumi na sita. Na baada ya kufungiwa na serikali ile ile, akaingia jeshini, kitengo cha ujasusi, kwa sababu ya lugha. Sijui mtu anabebaje vitu viwili hivyo kifuani kwa pamoja. Vita ikaisha, maisha yakamleta San Francisco, na duka lilipofunguliwa yeye ndo akawa mfanyakazi wa mwanzo. Wiki za kwanza alifanya kazi bila mshahara. Baadaye akawa meneja, na waliolijua duka miaka ile watakwambia hali ya pale, ile ya mtu kuingia na kujisikia yuko kwake, ilikuwa kazi ya mikono ya Shig.

Hali gani? Kulikuwa na viti. Unachukua kitabu, unakaa, unasoma, hakuna anayekuja kukusimamia. Kulikuwa na ubao wa matangazo, na mahali pa kuwekea barua za watu wasio na anwani, maana washairi wengi wa wakati ule walikuwa wanahamahama, leo yuko huku kesho yuko Mexico, barua zake zinasubiri City Lights.

Naomba niseme langu kidogo hapa. Pale nilipofanya kazi mimi (sitataja duka), bosi alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi: mtu akisoma zaidi ya kurasa mbili, mfuate umuulize nikusaidie nini. Nilifanya hivyo miaka minne. Kuna binti mmoja alikuwa anakuja na sare ya shule, anasimama kona ile ile, anasoma kitabu kile kile cha viumbe vya baharini, na mimi nikamfuata nikamuuliza dada nikusaidie nini, akakirudisha taratibu kabisa kwenye shelfu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akaondoka na hakurudi tena. Bado namuona. Kwa hiyo nikisoma kwamba kuna duka mtu alikaa kwenye kiti akamaliza kitabu kizima na hakuna aliyemgusa, na duka hilo likadumu zaidi ya miaka 70 huku la bosi wangu likifungwa zamani, naomba mniruhusu niliongelee kwa hisia.

Turudi kwenye stori. Oktoba 7, 1955, kwenye galari moja inaitwa Six Gallery, mshairi Allen Ginsberg, miaka 29, hajulikani, alisoma shairi lake refu "Howl" mbele ya watu. Ferlinghetti alikuwepo. Akamtumia telegramu ya kumkaribisha mwanzoni mwa kazi kubwa, maneno ambayo miaka mia nyuma mwandishi Emerson alimwandikia mshairi Walt Whitman, na akaomba apewe muswada. Maana mwaka huo huo alikuwa ameanzisha uchapishaji pale pale dukani, mfululizo wa vitabu vidogo vya mashairi vinavyoingia mfukoni, cha kwanza kikiwa cha kwake mwenyewe. Howl and Other Poems kikawa cha nne, kikatoka 1956, kava nyeusi na nyeupe, bei senti 75.

Kilichapwa Uingereza maana ilikuwa rahisi, na hapo ndipo shida ilipoingilia. Machi 25, 1957 watu wa forodha San Francisco wakakamata nakala 520 zikiingia nchini, wakasema ni uchafu wa kimaadili, watoto wasikutane nacho. Ferlinghetti akachapa nakala nyingine ndani ya Marekani ambako forodha haina mkono, na mwendesha mashtaka wa serikali kuu akakataa kufungua kesi, kwa hiyo mwezi Mei forodha wakaachia mzigo. Ungedhani imeisha.

Juni wakaja askari kanzu wawili wa kitengo cha watoto cha polisi wa jiji. Walikuwa wameshanunua kile kitabu dukani, senti 75, kama mteja yeyote. Ferlinghetti siku hiyo hakuwepo mjini. Aliyekuwepo ni mtu wa kaunta. Wakamkamata Shig, wakampeleka kituoni, wakampiga picha, wakamchukua alama za vidole, wakamweka ndani mpaka chama cha kutetea haki za raia, ACLU, kikamtolea dhamana. Ferlinghetti aliporudi akajipeleka mwenyewe.

Hapo kila mara nasimama. Mtu aliyefungiwa nyuma ya waya za seng'enge akiwa kijana kwa sababu ya sura yake, miaka kumi na tano baadaye anawekwa ndani tena kwa sababu ya shairi aliloliuza, shairi ambalo hakuliandika wala hakulichapisha, alipokea hela tu na kurudisha chenji. Na adhabu haikuwa ya mchezo, ni mpaka miezi sita jela na faini ya dola 500.

Kesi ilisikilizwa kiangazi kile bila baraza la wazee, hakimu peke yake, Clayton Horn, na watu wa duka walikuwa na sababu ya kuogopa maana Horn alikuwa mwalimu wa Biblia wa shule ya Jumapili, na muda si mrefu kabla ya hapo alishawahi kuwahukumu wezi wa madukani wakaangalie filamu ya Amri Kumi. Mawakili watatu walisimama bure, Jake Ehrlich, Lawrence Speiser na Albert Bendich. Mashahidi tisa wa utetezi, maprofesa, wahakiki, waandishi, walipanda kizimbani kueleza shairi lile lina thamani gani, na mwendesha mashtaka Ralph McIntosh anawasomea mistari anauliza hii ina maana gani, na wao wanamjibu kwamba shairi huwezi kuligeuza nathari likabaki shairi. Jamani, hiyo ni mahakama ya jinai. Watu wanabishana namna ya kusoma shairi na mwishoni mtu anaweza kwenda jela.

Na sheria ilikuwa imebadilika karibu tu. Juni 24, 1957, Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Roth ilisema uchafu haulindwi na katiba, lakini pia ikasema maandishi yenye umuhimu wowote kwa jamii yanalindwa. Bendich ndo aliyeshika hapo. Oktoba 3 Horn akatoa hukumu: Howl ina umuhimu kwa jamii, si uchafu, Ferlinghetti hana hatia. Yule mwalimu wa Biblia alikwenda akasoma, akafikiri, akaandika kwamba mwandishi ana haki ya kutumia maneno yake mwenyewe badala ya kulazimishwa maneno ya adabu yasiyo na uhai. Tangu hapo kile kitabu cha senti 75 kimeuza nakala zaidi ya milioni.

Vitabu vingi vya historia vinafunga sura hapo, na mimi ndo naanza kuuliza. Shig yeye alishaachiwa mapema kwenye kesi. Kwa nini? Kwa sababu sheria ilitaka kuthibitishwa kwamba aliyeuza alijua kilichomo ndani, na upande wa mashtaka haukuweza kuthibitisha kwamba Shig anajua. Yaani kilichomuokoa ni kuhesabiwa mtu wa kaunta tu, mtu anayepitisha bidhaa kama anavyopitisha sabuni. Nimeshukuru sana kwamba alitoka, usinielewe vibaya, ila wakili yeyote angesema vile na bado maneno yale yangekuwa hayamfanani mtu aliyekuwa anajua kila kitabu kwenye lile duka, aliyekuwa anampa mteja kitabu kabla mteja hajamaliza kueleza anatafuta nini. Duka lote lilisimama juu ya kujua kwake, na siku ya siku mahakama ikamwokoa kwa kutojua.

Baada ya kesi duka likawa maarufu, watu wakaanza kuja kutoka mbali kupiga picha nje, kile kichochoro cha pembeni kati ya duka na baa ya Vesuvio mwaka 1988 kikapewa jina la mwandishi Jack Kerouac. Hayo yameandikwa sana, nayaruka.

Mwaka 1970 akaingia mtu mwingine wa nyuma ya pazia, Paul Yamazaki, naye Mmarekani mwenye asili ya Kijapani. Alikuwa amefungwa kwa ajili ya mgomo wa wanafunzi wa San Francisco State, ule wa 1968 mpaka 1969 uliodumu miezi mitano na kuzaa chuo cha masomo ya jamii za watu weusi, Waasia, Walatino na wenyeji wa asili. Kazi City Lights ilimsaidia kutoka mapema. Akaanza kwa kufunga vifurushi vya vitabu, akaishia kuwa mnunuzi mkuu, yaani yule anayeamua kitabu gani kiingie kwenye shelfu na kipi kisiingie, na akakaa pale dukani zaidi ya nusu karne. 2023 National Book Foundation, taasisi ya Marekani inayotoa tuzo za vitabu, wakampa tuzo yao ya heshima kwa utumishi kwenye fasihi. Tuzo hiyo, kwa muuza vitabu! Nilipoona ile habari nilifurahi kama nimepewa mimi.

Kwa wasiojua, mnunuzi ndo sauti ya duka. Mchapishaji anakuja na katalogi ya mamia ya vitabu, hela ni kidogo, nafasi ni ndogo, na kila kitabu unachokiweka kinamfukuza kingine. Maduka makubwa ya mnyororo yanaamulia makao makuu, kwa hiyo ukiingia tawi la mji huu na la mji ule meza ya mbele ni ile ile. City Lights waliweka mbele vitabu vya wachapishaji wadogo, tafsiri, mashairi, siasa, vitabu ambavyo vingine vinauza nakala mbili kwa mwaka, na waliona hizo mbili zinatosha kukipa nafasi.

Hela ilisumbua, msidhani ilikuwa rahisi. Miaka ya 80 duka lilikuwa pabaya kifedha na Nancy Peters, aliyejiunga 1971 kama mhariri, akawa mmiliki mwenza na mkurugenzi mwaka 1984, ndo akalinyanyua. Halafu yakaja maduka ya mnyororo, halafu intaneti. Cody's ya Berkeley, iliyoanza 1956, ilifunga duka lake la Telegraph Avenue 2006 na kufa kabisa 2008. Stacey's ya Market Street, ya tangu 1923, ikafunga 2009. Hata Borders wenyewe, mnyororo mkubwa uliokuwa unatisha wengine, 2011 wakafunga matawi yote. City Lights ikabaki, na sababu moja kubwa ambayo watu hawaitaji kwa vile haina mashairi ndani yake ni kwamba 1999 Ferlinghetti na Peters walinunua jengo. Mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi kama mwenye nyumba ni wewe. Miaka miwili baadaye jiji likaliweka kwenye orodha ya majengo ya kihistoria.

Machi 2020 korona ikafunga mlango ule ambao Ferlinghetti alisema haufungiki. Mkurugenzi wakati huo alikuwa Elaine Katzenberger, na Aprili akatangaza kwamba duka linahitaji dola 300,000 lisife, huku likiendelea kuwalipa wafanyakazi na bima yao ya afya. Ndani ya siku chache watu walichanga zaidi ya dola 450,000. Nimewahi kujiuliza ni wangapi kati ya wale waliochanga walikuwa ni watu waliowahi kukaa kwenye viti vile wakasoma bila kununua. Ferlinghetti aliyaona hayo, akafariki Februari 22, 2021, na watu wakaleta mishumaa na maua kichochoroni.

Shig alishatangulia. Mwaka 1975 alipata kiharusi, ikafuata kutoelewana juu ya nani aendeshe duka na vipi, akaondoka na hakurudi tena kwenye ile kaunta aliyoikalia zaidi ya miaka ishirini. Sitaki kuhukumu ugomvi wa watu wawili walioshtakiwa pamoja. Aliendelea kuishi North Beach, Grant Avenue, hatua chache tu kutoka dukani, na huko akawa anatoa kajarida kake mwenyewe, Shig's Review, kurasa za kutoa kopi, anawagawia watu. Akafariki Oktoba 1999, mwaka ule ule jengo liliponunuliwa.